"Mali Ikiuzwa Hairudishwi": Spika za Msikiti na Haki ya Mnunuzi



Chukua risiti yoyote ya duka la vyombo vya umeme, iwe ya Shinyanga mjini, Kahama, Katoro au Geita, na uitazame chini kabisa. Mara nyingi utakuta sentensi moja fupi imechapwa au kupigwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Tumeizoea mno hata hatuisomi. Mwenye duka ameiweka kwa sababu jirani yake anayo, na mnunuzi ameikubali kwa sababu hakuulizwa. Kwa mche wa sabuni haina madhara makubwa. Kwa spika za mamilioni ya shilingi zilizonunuliwa kwa michango ya Waislamu, sentensi hiyo inastahili kusimamishwa na kuhojiwa kabla mweka hazina hajafungua mfuko.

Nimelazimika kulitafakari jambo hili kwa sababu kamati ya msikiti wetu hapa Kahama imo katika ununuzi wa vipaza sauti vipya. Honi za zamani juu ya mnara zimepasuka, na sauti ya ndani imefikia mahali ambapo waliokaa safu za nyuma, pamoja na kina mama walio upande wao, husikia mvumo wa khutba bila kuyapata maneno yake. Fedha zimekusanywa kwa miezi mingi. Wapo waliotoa kwa wingi baada ya kujaaliwa kheri machimboni, na yupo mama muuza vitumbua ambaye kila Ijumaa ameleta shilingi elfu moja bila kukosa. Mtu anayenunua kwa fedha zake akipata hasara anaweza kuinua mikono na kusema amesamehe. Kamati haina uwezo huo. Huwezi kumsamehe mfanyabiashara kwa elfu moja ya mama wa vitumbua.

Mezani tuna profoma mbili. Ya kwanza inatoka Kariakoo: shilingi 4,600,000 kwa amplifaya, honi nne, spika ndefu sita za ukutani na maiki mbili, usafiri juu yetu, na ile sentensi ipo chini. Ya pili ni ya muuzaji wa Mwanza: vifaa vya daraja lile lile, shilingi 5,300,000, usafiri juu yake, na anakubali kuvijaribu vifaa hivyo ndani ya msikiti kwa siku tatu, na vikishindwa kazi anavichukua na kurudisha fedha. Ukiweka nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam, tuseme 120,000, tofauti inabaki 580,000. Wajumbe wawili waheshimiwa waliona mara moja kwamba Kariakoo ndiyo njia. Mimi nimeandika safu hii kueleza kwa nini sioni hivyo.

Kwanza tuifahamu bidhaa yenyewe. Bati ni bati. Ukilipima unene dukani, halitabadilika ukilipandisha juu ya paa. Spika si hivyo. Unachokinunua hasa ni sauti, na sauti huzaliwa pale kifaa kinapokutana na jengo. Duka limejaa maboksi, magunia na watu, vitu ambavyo humeza mwangwi. Msikiti una sakafu ya vigae, kuta za saruji na dari gumu, na kila neno la khatibu hurudi mara tatu kabla neno la pili halijatoka. Spika iliyokufurahisha dukani inaweza kukufanya ujute mihrabuni. Zaidi ya hapo, wauza duka wana desturi ya kujaribia spika kwa muziki wenye besi nzito, kwa kuwa besi humtetemesha mteja kifuani naye akadhani amepata kitu. Lakini khutba haihitaji besi. Inahitaji herufi. Spika ambayo haikutenganishii sini na shini, wala thaa na saadi, haifai msikitini hata kama inatikisa madirisha ya mtaa mzima.

Sisi wa Usukumani tuna mfano wa karibu zaidi. Aliyewahi kwenda mnadani kutafuta ng'ombe wa maziwa anaijua hila ya mchuuzi asiyemkamua mnyama wake kwa siku kadhaa, ili afike sokoni kiwele kimejaa. Mnunuzi hulipa bei ya lita nyingi, akifika nyumbani siku ya pili anapata kikombe. Hila hiyo ni ya kale. Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliikataza kwa ngamia na kondoo, na akampa mnunuzi aliyehadaika hiari baada ya kumkamua mnyama: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Na katika baadhi ya riwaya muda wa hiari hiyo umetajwa kuwa siku tatu.

Yatazame mazingatio yaliyomo. Mnunuzi anaruhusiwa kurudisha baada ya kutumia, kwa kuwa bila kukamua asingejua. Muda upo, tena mfupi, ili muuzaji asining'inizwe. Na muuzaji hakuachwa mikono mitupu. Maziwa yaliyokuwamo kiweleni siku ya mauzo yalikuwa yake, basi akapewa tende. Mpango wote wa kurudisha bidhaa ambao maduka makubwa ya dunia yanajivunia leo umo katika kiwele cha kondoo.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha magomvi mengi ya madukani. Kuna kurudisha kwa sababu ya kasoro, na kuna kurudisha kwa sababu hukuridhika.

Kasoro ina hukumu yake bila ya kuandikiana. Mafakihi wanaiita hiari ya aibu: ukigundua kasoro iliyokuwamo katika bidhaa kabla hujaipokea, kasoro inayopunguza thamani au kuharibu lengo, na hukuijua wakati wa kununua, una haki ya kuirudisha na kupewa fedha zako zote. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, haki hiyo inataka haraka. Ukishaijua kasoro kisha ukaendelea kukitumia kifaa wiki nzima, umeonyesha kuridhika. Ewe mjumbe wa kamati, ukisikia mkwaruzo katika spika leo usiku, usingoje kikao cha mwisho wa mwezi. Piga simu alfajiri, andika ujumbe, na uzime kifaa.

Kutoridhika ni jambo jingine. Spika ni nzima, nembo ni ya kweli, ila haikupendezi au haifai kwa jengo lako. Hapa huna haki ya kurudisha isipokuwa mliwekeana sharti. Hiyo ndiyo hiari ya sharti, na inanasibishwa na kisa cha sahaba Habban bin Munqidh (r.a.), aliyekuwa na jeraha kichwani na akipunjwa sokoni. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aseme wakati wa kununua kwamba pasiwepo hadaa, na katika baadhi ya riwaya akapewa siku tatu. Kwa Imamu Shafi na Imamu Abu Hanifa muda huo hauzidi siku tatu. Imamu Malik aliupima kwa haja ya bidhaa yenyewe. Na wafuasi wa Imamu Ahmad wameruhusu muda wowote ulio bayana. Kwa hiyo muuzaji akikupa siku saba, si wote waliomkataza, ila muda sharti ujulikane. "Ukiona haikufai utaniambia" si sharti. Hayo ni mazungumzo tu.

Na ile sentensi ya risiti je? Wenye maduka hushangaa wakielezwa kwamba wanazuoni waliijadili karne nyingi kabla ya mashine za risiti. Wao waliita kuuza kwa sharti la kujitoa katika aibu za bidhaa. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba sharti hilo humsaidia muuzaji mahali pamoja tu: kasoro iliyojificha ndani ya mnyama, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Mnyama anakula, anapumua, ana maradhi yasiyoonekana, hivyo muuzaji akapewa udhuru. Nje ya hapo, sharti hilo halimwondolei jukumu. Amplifaya haina ugonjwa wa tumboni. Aliyeuza amplifaya iliyoungua ndani hawezi kujificha nyuma ya maandishi ya risiti, seuze aliyeijua kasoro akanyamaza. Huyo ameingia katika onyo alilolitoa Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini limelowa.

Lipo na hili la boksi. Wauzaji wengi hukwambia: boksi likifunguliwa, basi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, katika Minhaj ametaja bidhaa ambazo kasoro yake haijulikani ila kwa kuziharibu kidogo, na miongoni mwa mifano yake ni kuvunja yai na kupasua nazi. Nilipoisoma nazi katika kitabu cha mwanazuoni wa Sham nilitabasamu. Mama zetu wa pwani wangemwelewa upesi. Ukivunja nazi ukakuta imeoza, unairudisha na hulipi chochote kwa kuivunja, maadamu hukuvuka kiasi cha kuijua. Boksi la spika ni kifuu. Kulifungua na kuwasha kifaa ndiyo njia pekee ya kujua. Lakini ukiifungua spika yenyewe kwa bisibisi ukachezea waya za ndani, umevuka kiasi, na muuzaji akikataa ana hoja.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na haya. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoikusudia na akategemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini umo mtego. Ukienda dukani ukaagiza kifaa kwa jina lake la biashara, ukasema nipe aina fulani, namba fulani, ulinzi huo wa kufaa kwa kazi unaweza kukuponyoka, kwa sababu umechagua mwenyewe. Vivyo hivyo, ukikikagua kifaa dukani, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipasa kuionyesha. Nasaha yangu kwa makatibu wenzangu ni hii: usiandike barua ya kuomba honi za aina fulani tu. Andika kwamba una msikiti wa urefu na upana huu, dari la namna hii, watu idadi hii, mnara wa kimo hiki, na unataka khutba isikike wazi. Muulize yeye anakushauri nini, na jibu lake lihifadhi. Siku ya mzozo, jibu hilo litakuwa na thamani kuliko risiti. Hata hivyo risiti ya mashine ya EFD idaiwe, maana bila hiyo hata huwezi kuthibitisha umenunua kwake. Nayo Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Maandishi yanayomfanya mtu aamini kwamba hana haki yoyote hata akiuziwa kitu kibovu hayana pa kusimama vizuri.

Turudi kwenye hesabu. Mjumbe mmoja alisema: kama haki ya kasoro ipo kwa dini na kwa sheria, kwa nini tulipe 580,000 zaidi Mwanza? Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba haki iliyo umbali wa kilomita elfu moja si sawa na haki iliyo jirani. Tuseme amplifaya ya Kariakoo imefika inavuma. Kwanza tutabishana kwa simu siku tatu. Kisha tutaipakia basi, na juu yake tumtume mtu, kwa sababu mzigo usio na mtu hauna ulimi. Nauli ya mzigo, nauli ya mtu, malazi, chakula: 370,000 si hesabu ya kutia chumvi. Hapo ni pale tu muuzaji anapokuwa muungwana. Akisema tumeiunguza wenyewe kwa umeme wetu, tutamthibitishiaje? Umeme wa huku tunaujua unavyopanda na kushuka. Na katika vijiji vya machimbo, ambako misikiti mingi hutumia jenereta au sola, hali ni ngumu zaidi. Mafakihi wanasema bidhaa ikipatwa na kasoro mpya mikononi mwa mnunuzi, hana tena uwezo wa kumlazimisha muuzaji kuipokea. Mlango wa fidia na mapatano ndio unaobaki. Basi fikiri: kasoro ya zamani na kasoro mpya ya kifaa cha umeme, nani atazitenganisha akiwa Dar es Salaam?

Muuzaji wa Mwanza anakuja na fundi wake. Fundi anafunga mwenyewe, anapima umeme wetu mwenyewe, anawasha mwenyewe. Kikiungua mbele yake, hakuna mjadala wa nani aliyeunganisha waya vibaya. Na kosa hilo ni la kawaida: honi za mnarani, kwa sababu ya waya mrefu, mara nyingi huunganishwa kwa mfumo wa volti 100, ilhali spika za kawaida hutumia omu nne au nane, fundi asiyejua akizichanganya, amplifaya inaumia. Hiyo 580,000, kwa maoni yangu, ndiyo thamani ya kumpata mtu anayebeba jukumu hadi ndani ya msikiti. Sisemi kila mara ni hivyo. Kama tungenunua maiki moja ya laki na nusu, ningesema iagizwe Kariakoo leo leo na ikiharibika tumhesabie Allah. Lakini kadiri bidhaa inavyozidi bei, na kadiri isivyoweza kupimwa dukani, ndivyo sharti la kurudisha linavyostahili kulipiwa.

Wenzetu wa nchi nyingine hawakuepukana na hesabu hii. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011, anayenunua kwa mbali, kwa simu au intaneti, ana siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu. Watu husikia hivyo wakadhani ni pepo. Lakini gharama ya kuurudisha mzigo kwa kawaida humwangukia mnunuzi, na akiwa amekitumia kifaa kupita kiasi cha kukijaribu, fedha yake hupunguzwa. Ni kiwele na pishi ya tende kwa lugha nyingine. Nawakumbusha pia wanaotumiwa vifaa na ndugu walioko Muscat au Dubai: waranti ya kule aghalabu haivuki bahari pamoja na boksi. Ulizeni kabla ndugu hajalipa.

Kuna masharti ya tatu, nayo yamezidi katika maduka ya mjini: kurudisha kunaruhusiwa, ila unakatwa asilimia kumi au kumi na tano. Je, inafaa? Kama kifaa kina kasoro, kukata hata senti ni dhulma. Kama kifaa ni kizima na wewe ndiye uliyebadili nia, jambo lina kina. Wazee wetu walikuwa na neno zuri, arbuni, ambalo leo tumelisahau tukasema advansi. Asili yake ni Kiarabu, nayo ni malipo ya awali ambayo mnunuzi huyapoteza akiacha kununua. Jumhuri ya wanazuoni waliikataza; Imamu Ahmad aliiruhusu, akitegemea yaliyopokewa kuhusu ununuzi wa nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka zama za Umar (r.a.). Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1993 huko Brunei, liliijuzisha pale muda wa kungoja unapowekwa wazi. Ama kuvunja mauzo kwa hiari baada ya kukamilika, Mashafi wanataka fedha irudi ile ile, bila kuzidi wala kupungua. Mwenye kutaka kutoka katika khitilafu aseme tangu mwanzo: tunajaribu siku tatu, tukirudisha kikiwa kizima, tutalipa nauli ya gari na ujira wa fundi. Huo ni ujira wa kazi iliyofanyika, na hakuna wa kuulalamikia.

Nigeukie kidogo familia, kwani si misikiti pekee inayonunua spika. Huku kwetu kijana akijaaliwa kheri Nyarugusu au pembezoni mwa Katoro, mara nyingi kitu cha kwanza kuingia nyumbani, hata kabla ya godoro, ni sabufa kubwa yenye taa. Dhahabu yake huipeleka kwenye soko la madini, mfano wa lile la Geita lililofunguliwa mwaka 2019, ikapimwa mbele ya macho yake hadi sehemu ya gramu. Kisha fedha ile ile huimwaga juu ya kaunta kwa kitu alichokisikia dakika mbili. Dada yangu msomaji, mumeo akija na habari ya sabufa ya milioni mbili, usianze na ugomvi. Muulize tu: wamekupa siku ngapi? Swali hilo pekee humrudisha mtu dukani kuuliza, na mara nyingine huko njiani hasira ya fedha hupoa.

Wala tusiwaonee wenye maduka. Najua ndugu zangu wengi wa Kahama na Katoro wanaosoma gazeti hili wana maduka, na wana malalamiko ya haki. Wapo watu wanaonunua spika Ijumaa, wakazipigia harusi Jumamosi, na Jumatatu wakazirudisha wakisema hazina sauti. Huyo hakujaribu, amekodi bila kulipa, na kusema uongo juu yake ni dhambi ya pili. Wapo wanaozidisha sauti hadi spika ikaungua, kisha wakaifuta vumbi na kuirudisha ikiwa na kiwambo kilichoyeyuka. Mwenye duka mdogo naye ameinunua bidhaa hiyo Kariakoo kwa masharti yale yale ya kutorudisha; akiipokea, inamfia mkononi. Kwa hiyo ile sentensi ya risiti mara nyingi ni kelele ya mtu aliyeumizwa.

Lakini kuna njia baina ya kufunga mlango na kuuacha wazi kwa wezi. Iandikwe kwamba kasoro ya kiwandani inarudishwa. Kwamba kifaa kizima kinarudishwa ndani ya muda fulani kikiwa na boksi lake. Kwamba spika iliyoungua kwa kuzidishiwa nguvu hairudi. Na kwa yule asiye na haki yoyote, ila amejuta tu, Mtume (s.a.w.) alimbashiria anayemwondolea Mwislamu mwenzake mauzo aliyoyajutia kwamba Allah naye atamwondolea kuteleza kwake. Hilo si la kulazimishwa, ni ihsani.

Mwisho niseme namna tulivyoamua kuzitumia siku tatu, huenda ikawafaa wengine. Kwa kuwa siku huhesabiwa tangu mkataba unapofungwa, tumekubaliana na muuzaji kwamba hakuna mauzo yaliyokamilika Mwanza. Mkataba utafungwa hapa Kahama, baada ya fundi kumaliza kazi, siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, ili Ijumaa iangukie ndani ya muda. Msikiti mtupu unadanganya. Watu mia tatu waliovaa kanzu na mabuibui humeza mwangwi, na sauti iliyokuwa kali Alhamisi inaweza kuwa hafifu Ijumaa. Mjumbe mmoja atakaa safu ya mwisho, mmoja barazani, na mama mmoja aliyeteuliwa na wenzake atakaa upande wa wanawake. Kila mmoja atapewa karatasi aandike maneno ya khutba ambayo hakuyasikia. Waadhini wawili wenye sauti tofauti wataadhini, mzee na kijana. Jenereta itawashwa kwa makusudi mara moja wakati wa Isha, na maiki italetwa karibu na spika kuona kama inapiga filimbi.

Muuzaji aliyasoma masharti yetu yote, akaniambia kwa simu: "Ustaadh, nimekubali, ila na mimi niandikie langu moja. Maboksi na yale maputo ya ndani yasitupwe, na watoto wa madrasa wasiyafanye nyumba."

Tumeliandika kama sharti la saba, na chumba cha stoo kimeshafagiliwa.